Protini Zinaponata: Je, Kubadili Uso wa Utando Kunatosha?

Anayefuatilia habari za uchujaji siku hizi hukutana na madai mawili yanayogongana. Watengenezaji wa tando, wakiungwa mkono na rundo la makala za kisayansi, wanasema utando wa plastiki ukishafunikwa kwa molekuli zinazopenda maji hauzibwi tena na protini. Waendeshaji wa mitambo nao wanasema kila utando huziba, na kinacholeta tofauti ni ujuzi wa kuuendesha na kuuosha. Katikati wamebaki watu wengi: mwanafunzi wa kemia anayesaka mada ya utafiti, meneja wa kiwanda cha maziwa aliyeletewa katalogi yenye ahadi nono, na mgonjwa wa figo anayejiuliza kwa nini chujio lililosafisha damu yake kwa saa 4 linatupwa ilhali kwa macho linaonekana zima.

Mkanganyiko unaanza pale utando unapofikiriwa kuwa chujio la chai lenye matundu madogo zaidi. Kwenye chujio la chai, jani hupita au hukwama kutegemea ukubwa wake, basi. Protini ina umbo linaloweza kufumuka, ina chaji inayobadilika kufuatana na pH ya kimiminika, na ina sehemu zinazonata. Ukubwa wa kitundu ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye uso ambao protini inaugusa, na uso huo ndio unaopimwa hapa: unabadilishwa vipi, unaleta faida gani, na unadai gharama ipi ambayo katalogi haiitaji.

Dakika za mwanzo

Tuanze na damu, kwa kuwa hapo mchujo wa protini unagusa uhai moja kwa moja, katika hospitali za Muhimbili na Kenyatta kama ilivyo Tokyo. Protini iliyo nyingi kuliko zote katika plazima ya damu ni albumini, yenye uzito wa kilodalton 66 hivi. Ndani ya maji hujikunja, ikaficha katikati yake zile sehemu zisizopatana na maji. Ikigusa plastiki ambayo nayo haipatani na maji, sehemu zilizofichwa hujifungua na kuing'ang'ania plastiki, na maji yaliyokuwa yamebanwa kati yao huachiwa huru. Kuachiwa huko kwa maji ndiko kunakoufanya mshikamano uwe mgumu kuuvunja. Ukimimina maji safi juu yake, protini nyingi haibanduki.

Uso huo pia haukai na mpangaji mmoja. Leo Vroman, mtafiti mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba protini hubadilishana nafasi: zile zilizo nyingi na zinazofika haraka, kama albumini, hutangulia, kisha huondolewa na zile zinazoshika zaidi, kama faibrinojeni. Kwa hiyo utando unaomchujia mgonjwa baada ya saa moja umekwisha kuvaa vazi lililofumwa na damu yake mwenyewe, na vazi hilo linaamua nini kipite na nini kibaki.

Ndani ya kitundu hali ni mbaya zaidi. Mtiririko katika tundu jembamba hupungua kwa kipeo cha nne cha nusukipenyo. Kitundu chenye nusukipenyo ya nanomita 5 kikipata bitana yenye unene wa nanomita 1 hubakiwa na asilimia 41 tu ya mtiririko wa awali. Msomaji aikumbuke hesabu hii, maana itarejea: haijali kama bitana hiyo ni uchafu wa protini au ni kinga iliyowekwa kwa makusudi.

Kisha ipo pH. Kila protini ina kiwango cha pH ambapo chaji zake chanya na hasi hulingana. Kwa albumini ya ng'ombe ni karibu 4.8. Hapo molekuli haziachani tena kwa kusukumana, hujikusanya, na mtiririko kwenye utando hushuka kuliko kwenye pH nyingine yoyote. Baada ya vitundu kuzibwa kidogokidogo, protini huanza kurundikana juu ya protini nyingine. Mwaka 2000 Ho na Zydney walichapisha mfano wa hesabu unaounganisha hatua hizi mbili, kuziba kwa kitundu na kukua kwa rundo, na bado ni msingi mzuri wa kuelewa kwa nini mtiririko hushuka kwa kasi mwanzoni kisha kwa pole.

Chanzo cha tatizo ni uamuzi uliokuwa sahihi

Lingekuwa kosa kudhani kwamba plastiki hizi zilichaguliwa kwa uzembe. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, walipotengeneza utando wao mashuhuri huko California karibu na mwaka 1960, walitumia asetati ya selulosi, inayopenda maji na isiyonata protini sana. Lakini asetati ya selulosi huvunjika katika magadi makali, haivumilii joto, na bakteria wanaweza kuila. Kiwanda cha maziwa hakiwezi kuishi nayo, kwa sababu kila siku lazima kioshe kwa kostiki soda ya moto.

Ndiyo maana viwanda vilihamia polisalfoni, poliethasalfoni na polivinilidini floridi. Hizi hustahimili asidi, kostiki na joto. Ila ustahimilivu wao na unataji wao vina mzizi mmoja: ni plastiki zisizotaka kushirikiana na maji. Maji hayaingii kuzivunja, na kwa sababu iyo hiyo protini huona afadhali kuzikumbatia kuliko kubaki majini. Mjadala wote wa kubadili uso unatoka hapa. Tunataka mwili wa plastiki isiyovunjika, na ngozi ya kitu kinachopenda maji. Kila kambi ina njia yake ya kuviunganisha viwili hivi, na kila njia ina mahali inapovuja.

Wachanganyaji: njia iliyoshinda hospitalini

Ukilikata chujio la figo utakuta nyuzi 10,000 hivi, kila mmoja ukiwa na uwazi katikati wenye kipenyo cha karibu maikromita 200. Ukuta wa uzi una unene wa maikromita 40 hivi, lakini kazi ya kuchagua hufanywa na ngozi ya ndani ambayo haifiki hata maikromita moja. Eneo lote likikunjuliwa hupata mita za mraba 1.5 hadi 2 na zaidi.

Katika aina nyingi zinazotumika leo, uzi hutengenezwa kwa kukamua mchanganyiko wa polisalfoni na polivinili pirolidoni, ambayo wataalamu huifupisha PVP, kupitia tundu lenye umbo la pete huku kimiminika kingine kikipita katikati. Mchanganyiko unapokutana na maji, polisalfoni huganda na kuacha vitundu, na PVP, kwa kupenda maji, huelekea kwenye uso na kubaki imenaswa humo. Kwa hatua moja tu kiwanda kimepata mwili na ngozi. Gharama ni ndogo, kinga imefika mpaka ndani ya vitundu ambako mkono wa mpakaji haufiki, na mamilioni ya machujio yanaweza kutoka yakiwa sawasawa. Sioni njia nyingine iliyofanikiwa kwa kiwango hiki.

Udhaifu wake ni kwamba PVP imenaswa tu, haikufungwa kwa kifungo cha kikemikali. Sehemu yake hutoka. Hili lilidhihirika wakati hospitali zilipokuwa zikirudia kutumia chujio moja mara nyingi. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba machujio ya polisalfoni yaliyooshwa kwa klorini yalianza kuvujisha albumini kadiri yalivyorudiwa. Klorini ilikuwa ikila PVP na kuiosha, na vitundu vikapanuka. Wengine walitumia asidi ya perasetiki, inayoua vijidudu lakini inayoacha sehemu kubwa ya protini mahali pake, na hapo chujio likabaki na vazi lake la zamani. Ukiosha vizuri unaharibu uso; ukiutunza uso unaacha uchafu. Hili ni sehemu ya jibu la yule mgonjwa anayeona chujio zima likitupwa, ukiacha hatari ya maambukizi ambayo peke yake inatosha.

Chujio la figo pia linavunja imani iliyoenea, kwamba uso unaopenda maji ni uso salama. Willem Kolff, alipoanza kuwatibu wagonjwa kwa figo bandia huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, alitumia selofani, yaani selulosi. Selulosi ilitawala kwa miongo kadhaa, na inapenda maji mno. Hata hivyo mwaka 1977 Craddock na wenzake walionyesha kwamba selulosi ya aina iliyokuwa ikitumika iliamsha mfumo wa kinga wa damu, na chembe nyeupe zikaporomoka ndani ya dakika za mwanzo za matibabu. Vikundi vya haidroksili vilivyoachwa wazi kwenye uso ndivyo vilivyolaumiwa. Utando mwingine, wa poliakrilonitrili uitwao AN69, nao unapenda maji, lakini uso wake una chaji hasi kali. Mwaka 1990 ziliripotiwa hali za mshtuko kwa wagonjwa waliochujwa nao huku wakinywa dawa fulani za shinikizo la damu: chaji hasi ilichochea utengenezaji wa bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa ya damu, na dawa hizo zilizuia bradikinini isivunjwe. Watengenezaji walijibu kwa kufunika uso huo kwa polima yenye chaji chanya. Kupenda maji peke yake hakukuokoa mtu.

Na hata utenganishaji ukiwa bora, afya haifuati moja kwa moja. Watafiti wa Japani waligundua mwaka 1985 kwamba amana zinazoumiza viungo vya wagonjwa wa muda mrefu hutokana na beta-2 mikroglobulini, protini ndogo ya kilodalton 11.8 ambayo figo zima huiondoa. Tangu hapo lengo likawa wazi: beta-2 ipite, albumini ibaki. Utafiti wa HEMO uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ukiwa na wagonjwa 1,846, haukuona tofauti ya wazi ya vifo kwa ujumla kati ya tando zenye vitundu vipana na zenye vitundu vyembamba. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2009 uliona nafuu kwa wale walioingia na albumini ya chini, yaani gramu 4 kwa desilita au pungufu. Haya si matokeo ya kudharau utando. Yanatuonya tu kwamba namba nzuri ya maabara bado iko mbali na kitanda cha mgonjwa.

Wapakaji na wapandikizaji

Kambi ya pili haitaki kunasa, inataka kufunga. Mbinu zake ni nyingi: kuuosha utando kwa plazima, yaani gesi iliyotiwa chaji wala si ile ya damu, kuumulika kwa miale ya urujuanimno ndani ya kimiminika chenye molekuli changa zinazoota juu yake, au kuufunika kwa gundi ya kikemikali kisha kufunga juu yake kitu kingine.

Nini hasa kipandikizwe? Mwongozo mzuri ulitoka kwa kundi la George Whitesides wa Harvard mwaka 2001. Walijaribu nyuso nyingi wakaona kwamba zinazokataa protini zina sifa nne: zinapenda maji, zinapokea vifungo vya haidrojeni, hazitoi vifungo hivyo, na kwa jumla hazina chaji. Polietilini glaikoli ina sifa zote nne, ndiyo maana imepandikizwa karibu kila mahali. Udhaifu wake ni kwamba oksijeni huila polepole. Baadaye zikaja zwitaioni, molekuli zenye chaji chanya na hasi zinazolingana ndani yake, ambazo hushika maji kwa nguvu kiasi kwamba protini inalazimika kuyang'oa maji hayo kabla ya kuugusa uso, na kwa kawaida haimudu. Kazuhiko Ishihara wa Japani alitumia fosforilikolini, kichwa kile kile cha mafuta yanayofunika chembe nyekundu za damu. Kwa maoni yangu hizi ndizo nyuso bora kuliko zote tulizo nazo kwa kukataa protini, zikipimwa zikiwa mpya.

Upande wa gundi, mwaka 2007 kundi la Messersmith lilichapisha kwenye jarida la Science njia ya polidopamini, iliyoigwa kutoka kwa kome wanaojishikiza kwenye miamba ndani ya maji ya chumvi. Utando huchovywa kwenye mchanganyiko wa dopamini wenye pH 8.5, na tabaka la kahawia hujijenga lenyewe juu ya karibu kila plastiki. Haihitaji mashine ya gharama, na ndiyo sababu imependwa na maabara zenye bajeti ndogo. Lakini tabaka hilo huchukua saa nyingi kujijenga, na katika magadi makali huanza kubanduka. Kiwanda kinachoosha kwa kostiki kila siku kitaliosha na tabaka lenyewe.

Hapa inarejea ile hesabu ya kipeo cha nne. Bitana ya nanomita 1 kwenye kitundu chenye nusukipenyo ya nanomita 100 hupunguza mtiririko kwa asilimia 4 tu. Kwenye kitundu cha nanomita 5, kile kinachohitajika kutenganisha protini, inachukua zaidi ya nusu. Utando wa vitundu vipana unaweza kubeba kinga nene, wa vitundu vyembamba hauwezi. Miale ya urujuanimno ina tatizo lililo kinyume. Kundi la Georges Belfort huko Troy, New York, lilionyesha kwamba poliethasalfoni ikimulikwa huanzisha yenyewe mmenyuko wa kupandikiza bila kichocheo cha ziada, jambo linalorahisisha kazi sana. Lakini miale hiyo hiyo hukata minyororo ya polima. Mwale wenye nguvu mno hupanua vitundu na kudhoofisha utando kabla kinga haijaota vya kutosha. Urefu wa wimbi na muda wa kumulika vinabaki kuwa kazi ya subira.

Chaji: silaha yenye masafa mafupi

Kundi la tatu linataka uso uchague, zaidi ya kujikinga tu. Kanuni ni hii: weka utando wenye chaji chanya, chagua pH ambayo protini moja ina chaji chanya na nyingine haina chaji. Ya kwanza inasukumwa mbali, ya pili inapita. Mwaka 1988 Nakao na wenzake wa Japani walitenganisha mayoglobini na saitokromu C, protini zilizokaribiana mno kwa ukubwa kiasi kwamba kitundu peke yake kisingezibagua. Robert van Reis na Andrew Zydney waliiendeleza hoja hiyo kwa ajili ya viwanda vya dawa za protini, na leo ni njia inayoheshimika huko.

Nguvu yake ni kwamba inavunja mvutano sugu wa fani hii: vitundu vipana hupitisha kwa haraka lakini hubagua vibaya, vyembamba hubagua vizuri lakini hupitisha polepole. Mwaka 2005 Mehta na Zydney waliuchora mvutano huo na kuonyesha kikomo ambacho tando nyingi za kawaida zimekwama chini yake. Chaji husaidia kukivuka, kwa kuwa kitundu kipana kinafanya kazi kana kwamba ni chembamba kwa protini inayosukumwa.

Udhaifu wake ni chumvi. Ioni za chumvi huifunika chaji ya uso, na umbali inaofika unaweza kukokotolewa. Katika kimiminika chenye chumvi ya molari 0.001, chaji hufika karibu nanomita 10. Katika damu, yenye molari 0.15 hivi, haifiki hata nanomita 1. Maana yake ni kwamba silaha hii inafanya kazi pale unapoweza kupunguza chumvi kwa hiari yako. Kiwanda cha kingamwili kinaweza. Mwili wa mgonjwa hauwezi, na maziwa, kwa madini yake mengi, yanakuruhusu kidogo tu.

Wapo pia wanaotaka protini inate. Tando za polimetakrilati za kusafishia damu hunasa beta-2 mikroglobulini kwenye ukuta wake, na huo ni uponyaji. Viwanda vya kingamwili hutumia tando zilizopandikizwa vikundi vya chaji chanya ili vinase masalia ya vinasaba na virusi huku dawa ikipita. Neno "kuziba" halina maana hadi useme unachotaka kukiokoa.

Wanaosema tatizo ni uendeshaji

Mwaka 1995 Robert Field na wenzake walitoa wazo la mtiririko kikomo: chini ya kiwango fulani cha mtiririko, nguvu inayoisogeza protini kuelekea kwenye utando hushindwa na nguvu zinazoiondoa, na rundo halikui. Ukivuka kiwango hicho, hakuna kemia itakayokuokoa. Waendeshaji wengi wanaapa kwa wazo hili. Wanaongeza hoja nzito: tabaka la kwanza la protini likishatanda, molekuli inayofuata haikutani tena na plastiki wala zwitaioni, inakutana na protini mwenzake. Ngozi uliyoinunua kwa fedha nyingi imefunikwa.

Hoja hii ina nguvu hasa kwenye maziwa. Kilo 1 ya jibini hutumia lita 10 hivi za maziwa na kuacha kama lita 9 za maji ya jibini, yenye gramu 6 hivi za protini na karibu gramu 50 za laktosi kwa lita. Kuchuja protini hizo kwa tando ni kazi iliyokomaa. Wafaransa Maubois, Mocquot na Vassal walisajili hataza ya kutengeneza jibini kwa uchujaji wa maziwa mwaka 1969. Kinachoziba huko si protini peke yake. Fosfati ya kalsiamu hujishikiza kwenye utando, huunganisha protini moja na nyingine, na ongezeko dogo la joto au la pH huichochea. Uso uliobuniwa kukataa albumini safi ya maabara haukubuniwa kwa ajili ya chokaa ya maziwa.

Hata hivyo kambi hii nayo inavuta mno. Tabaka la kwanza ndilo linaloamua kama rundo litaondoka kwa maji au litadai kostiki. Utando unaozibika vile vile lakini ukaoshwa kwa nusu ya dawa ni utando bora, na faida hiyo haionekani ukiangalia mtiririko pekee. Zaidi ya hapo, kupunguza mtiririko maana yake ni kununua utando mwingi zaidi kwa kazi ile ile, na hiyo ni gharama halisi.

Vipimo vinavyotupotosha

Nadhani sehemu kubwa ya mgogoro huu ingeisha kama vipimo vingekuwa vya haki. Makala ya kawaida hupima utando mpya kwa albumini ya ng'ombe, gramu 1 kwa lita, kwenye kikombe kidogo chenye kikorogeo, kwa saa moja au mbili, na kurudia mara tatu. Kisha hutangaza asilimia ya mtiririko uliorejea.

Kipimo hiki kina kasoro iliyojificha. Hufanywa kwa shinikizo lile lile kwa tando zote mbili, uliobadilishwa na usiobadilishwa. Uliobadilishwa, kwa kuwa vitundu vyake vimepungua, huanza na mtiririko mdogo. Mtiririko mdogo unavuta protini chache. Kwa hiyo unaonekana hauzibi, ilhali ungeweza kupata matokeo yanayofanana kwa kufunga valvu kidogo kwenye utando wa kawaida. Kundi la Benny Freeman wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, limesisitiza kupima kwa mtiririko usiobadilika, na kulinganisha tando zinazopitisha maji kwa kiwango sawa tangu mwanzo. Ukifanya hivyo, baadhi ya faida zilizotangazwa hupungua. Zinazobaki ndizo za kweli.

Kasoro ya pili ni kutokuosha. Utando wa kiwandani hukutana na kostiki yenye pH karibu na 11 kwenye joto la nyuzi 50 hivi, kisha asidi, kisha pengine klorini, siku baada ya siku. Kinga isiyoonyeshwa ikistahimili mizunguko hiyo mara mia haijathibitishwa kwa maziwa, hata kama grafu yake inapendeza.

Uzito wa kila hoja

Swali la "uso upi ni bora" halina jibu. Swali lenye jibu ni namna utando utakavyokufa: utatupwa baada ya saa 4, utaoshwa kwa kostiki mara mia tatu kwa mwaka, au utatumika kwenye kimiminika cha thamani ambacho chumvi yake unaidhibiti?

Kwa figo, wachanganyaji wameshinda, na kwa haki. Chujio linaloishi saa chache halihitaji kinga ya kudumu miaka. Linahitaji kinga ya bei nafuu, isiyovuja kwenye damu, isiyoamsha kinga ya mwili. Fedha ya nchi inayobanwa na bajeti itaokoa wagonjwa wengi zaidi ikiwahakikishia chujio jipya kila kikao na maji safi ya mashine, kuliko ikinunua chujio lenye uso wa kisasa kwa wachache.

Kwa dawa za protini, chaji na tando zinazonasa zinalipa. Bidhaa ni ghali, kimiminika kinatawaliwa, na hasara ya mtiririko inafidiwa na usafi. Huko kubadili uso ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwa maziwa, nasimama na waendeshaji. Kabla ya kununua utando wenye ngozi mpya, kiwanda kitapata zaidi kwa kudhibiti joto, pH na mtiririko, na kwa kuosha kwa utaratibu usiorukwa. Kinga iliyopandikizwa kwa kifungo imara inaweza kubadili hesabu hii siku moja, lakini polidopamini iliyochovywa haiwezi, na zwitaioni zitategemea jinsi zilivyofungwa kwenye plastiki.

Maabara za vyuo vyetu zina nafasi hapa, na ningependa kuona zikiitumia. Hakuna haja ya kurudia jaribio la albumini safi lililokwisha kufanywa mara nyingi ng'ambo. Chukueni maji ya jibini kutoka kiwanda kilicho jirani, pimeni kwa mtiririko usiobadilika, osheni kwa kostiki ya kweli mara mia moja, kisha chapisheni hata kama matokeo ni mabaya. Na anayenunua utando amdai muuzaji namba tatu kwa maandishi: mtiririko wa maji safi kabla na baada ya uso kubadilishwa, kiasi cha protini iliyotakiwa kubaki kinachopita, na namba hizo hizo mbili baada ya kuoshwa mara mia. Asipozipata, asinunue.